Giaboksi na Maarifa ya Dereva

Historia ya motokaa aghalabu huandikwa kama historia ya injini. Wasimulizi hutaja nguvu zake, kelele zake na mafuta inayotumia. Kisha hutaja umbo la gari na rangi yake. Chombo kilichofichwa kati ya injini na magurudumu husahauliwa, kama asahauliwavyo mkalimani baada ya wakubwa wawili kupatana. Nia ya insha hii ni kumrudishia mkalimani huyo heshima yake. Giaboksi ndiyo ichukuayo usemi wa injini na kuufanya ufahamike barabarani. Habari za namna ilivyobadilika, tangu siku za Benz mpaka magari ya haibridi ya leo, ni pia habari za maarifa yaliyokuwa katika mkono, mguu na sikio la dereva, yakahamishwa hatua kwa hatua yakatiwa ndani ya mtambo. Maarifa hayo hayakupotea, yalihama. Yatupasa tujue yalihamia wapi, na nani ayashikaye sasa.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini chombo hiki kilihitajika. Injini ya mvuke husukuma kwa nguvu hata gurudumu likiwa bado limesimama. Ndiyo sababu gari moshi la mvuke halikuwa na giaboksi. Mota ya umeme nayo ina tabia hiyo hiyo. Injini ya petroli haina. Ikizunguka chini ya mara 700 hivi kwa dakika huelekea kuzimika, na nguvu zake za kuzungusha huwa chache mpaka ichangamke. Sasa tazama gurudumu. Gurudumu la gari dogo la familia lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 10 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 83 kwa dakika. Likienda kilomita 100 kwa saa, huzunguka kama mara 830. Lau injini ingalifungwa moja kwa moja na gurudumu, gari lisingaliweza kuondoka mahali lilipo, na likiondolewa kwa kusukumwa lisingaliweza kupanda hata tuta. Basi giaboksi ni dawa ya udhaifu wa injini ya petroli. Msomaji na alishike jambo hili, maana litatufaa tutakapofika kwenye magari yenye mota za umeme.

Ushahidi wa udhaifu huo ulipatikana mapema. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na mwendo mmoja tu. Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alichukua gari la namna hiyo pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, akasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim katika Ujerumani, safari ya kilomita zipatazo 100. Penye vilima vikali iliwabidi kulisukuma. Habari za safari ile ndizo zilizomfanya Benz aongeze gia ya chini kwa ajili ya kupandia. Kwa hiyo giaboksi ya motokaa ilitokana na kilima, na mahitaji yake yalijulikana kwanza na watu waliotoka jasho.

Mwaka 1891 Émile Levassor wa kampuni ya Panhard et Levassor, Ufaransa, aliweka mpango uliofuatwa baadaye na watengenezaji wengi: injini mbele, klachi nyuma yake, kisha giaboksi, kisha magurudumu ya nyuma yenye kusukuma. Ndani ya giaboksi gia za ukubwa mbalimbali zilisukumwa huku na huku juu ya mhimili, mpaka meno ya moja yakutane na meno ya nyingine. Kazi hii ilikuwa ya ukali. Gia mbili zizungukazo kwa kasi mbalimbali hazikubali kushikana. Hupigana, hulia, na pengine humegeka. Dereva alipaswa kuzipatanisha mwenyewe. Alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akaongeza mafuta kidogo ili kasi za gia zilingane, akakanyaga tena, ndipo akaingiza gia nyingine. Hayo yote aliyafanya kwa sikio, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumwambia wakati wa kufanya hivyo. Udereva wakati ule ulikuwa ufundi, nao ulikuwa na walimu, wanafunzi na majivuno yake.

Ufundi kama huo una uzuri wake, lakini pia hufunga mlango. Mtu asiye na nafasi ya kujifunza kwa miezi, au asiye na pesa za kumwajiri dereva, alibaki nje. Henry Ford aliufungua mlango huo kwa njia nyingine kabisa. Motokaa yake iitwayo Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927 na kuzidi idadi ya milioni 15, haikuwa na gia za kusukumana. Ilikuwa na gia za sayari. Jina hili latokana na umbo lake: katikati pana gia iitwayo jua, na kando yake gia ndogo zilizungukazo jua hilo huku zikijizungusha zenyewe. Meno yao yameshikana daima. Hayaachani wala hayatafutani. Ili kubadili mwendo, sehemu moja ya mtambo hushikwa isizunguke, na sehemu zilizobaki hulazimika kufuata mwendo mwingine.

Katika Model T gia za sayari zilibebwa na flaiwili ya injini yenyewe, na mikanda mitatu ilikumbatia ngoma tatu. Pedeli ya kushoto ikikanyagwa mpaka chini ilitia mwendo wa polepole; ikiachiwa ilitia mwendo wa kasi. Pedeli ya kati ilirudisha gari nyuma, na ya kulia ilikuwa breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa wenzo mdogo uliokuwa chini ya usukani. Dereva wa leo akiketi katika gari hilo hatajua aanzie wapi, ingawa mkulima wa Marekani wa mwaka 1910 alijifunza kuliendesha kwa muda mfupi. Msomaji na aukumbuke mpango huo wa sayari zilizobebwa na injini, maana tutakutana nao tena baada ya miaka tisini.

Lakini historia haiendi kwa mstari ulionyoka. Ford alipoacha Model T na kuleta Model A mwishoni mwa 1927, alirudi kwenye gia tatu za kusukumana. Mpango wa sayari wenye miendo miwili haukutosha kwa injini yenye nguvu zaidi na barabara zilizokuwa zikitengenezwa vizuri zaidi, na mikanda yake ilihitaji kukazwa mara kwa mara. Waliozoea pedeli tatu za zamani iliwapasa wajifunze upya kutumia klachi na wenzo wa gia. Chombo kilichokuwa rahisi kiliondoka, kikaja kilicho kigumu, na watu waliita jambo hilo maendeleo.

Ugumu huo ulipata tiba katika 1928, wakati Cadillac ilipotoa giaboksi yenye kulinganisha kasi yenyewe, kazi ya mhandisi Earl A. Thompson. Siri yake ilikuwa ndogo. Kabla meno hayajakutana, pete yenye umbo la pia hugusana na upande wa gia na kuisugua, mpaka zote mbili zipate kasi moja. Ndipo meno huingiana bila ugomvi. Tazama lililotendeka hapa. Kazi iliyofanywa kwa sikio na kwa mguu kukanyaga klachi mara mbili, sasa ilifanywa na pete isiyopita upana wa kiganja. Dereva bado alichagua gia, bado alikanyaga klachi, lakini usuluhishi wa meno haukuwa wake tena. Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza wa maarifa, na ulifanyika kwa upole hata waliopungukiwa hawakuhisi hasara.

Thompson huyo huyo ndiye aliyeongoza kazi ya uhamisho wa pili, uliokuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilitangaza giaboksi iitwayo Hydra-Matic, iliyotiwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ndiyo iliyokuwa giaboksi ya kwanza ya otomatiki kutengenezwa kwa wingi. Klachi ya mguu iliondolewa. Badala yake mafuta yalitumika kuunganisha injini na gia. Weka pangaboi mbili zikitazamana, uwashe moja. Upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazigusani. Ndivyo yafanyavyo mafuta kati ya bakuli mbili zenye mapezi ndani ya sanduku lililozibwa. Wazo hili lilikuwa limetoka baharini: Mjerumani Hermann Föttinger alilibuni katika 1905 kwa ajili ya meli, ili nguvu za injini ziendazo kasi zifikishwe kwa rafadha iendayo taratibu.

Nyuma ya mafuta hayo zilikuja gia za sayari, nazo zilitoa miendo minne ya kwenda mbele. Lakini ajabu ya Hydra-Matic ilikuwa katika vali zake. Chombo kimoja kilipima kasi ya gari na kuigeuza kuwa msukumo wa mafuta. Kingine kilipima kiasi ambacho dereva amekanyaga pedeli. Misukumo hii miwili ilikutana kama pande mbili za mizani. Kasi ikizidi, mizani ililalia upande wa gia ya juu. Mguu ukizidi, ililalia upande wa gia ya chini. Uamuzi uliokuwa kichwani mwa dereva, wa kujua ni lini injini imechoka na ni lini imechangamka, sasa ulifanywa na mafuta yapitayo katika vijia vya chuma. Hapakuwa na umeme wala hesabu za kompyuta. Wahandisi walichukua busara ya dereva mzoefu, wakaipima, wakaitoboa katika chuma.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia giaboksi hii ilitiwa katika vifaru vyepesi vya Marekani, na baada ya vita iliwafaa askari waliorudi wamepoteza mguu au mkono. Jambo hili yafaa likumbukwe na wale wasemao kwamba giaboksi ya otomatiki ni chombo cha wavivu. Kwa mtu wa mguu mmoja, pedeli ya klachi ni ukuta, na mtu aliyeondoa ukuta huo alitenda wema.

Mwaka 1948 Buick ilitoa giaboksi ya Dynaflow, ambayo ndani yake mafuta hayakuunganisha tu, bali yaliongeza nguvu za kuzungusha wakati gari linapoondoka. Mpango huo ndio uliotawala baadaye. Ulikuwa mwororo sana, lakini ulikuwa na gharama: mafuta yanayosukumana hupata moto, na moto huo ni petroli iliyolipiwa bila kufika barabarani. Katika Marekani, ambako injini zilikuwa kubwa na petroli rahisi, hasara hiyo haikuwaumiza wengi. Katika Ulaya, ambako injini zilikuwa ndogo na petroli ilitozwa kodi nzito, watu waliendelea na klachi na gia za mkono kwa miongo mingi. Basi tofauti ya madereva wa mabara haya mawili ilitokana zaidi na bei ya petroli kuliko tabia zao, ingawa wenyewe walipenda kuihesabu kuwa tofauti ya tabia.

Ulaya nayo ilitoa jawabu lake. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo la DAF 600, lenye injini ya silinda mbili. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Hub van Doorne, aliziacha gia za kubadilishia mwendo akatumia mikanda ya mpira juu ya puli ziwezazo kupanuka na kubana. Puli ikibana, mkanda hupanda ukingoni. Ikipanuka, mkanda huzama katikati. Kwa hiyo mwendo haukuruka kutoka gia moja hadi nyingine. Uliteleza kama mtu ashukaye mteremko badala ya ngazi. Gari hilo liliweza kurudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele, jambo lililowafurahisha watazamaji kuliko wanunuzi. Mpira ulifaa injini ndogo tu. Baadaye van Doorne na wenzake walitengeneza mkanda wa vipande vya chuma, unaosukuma badala ya kuvuta, na mwaka 1987 Subaru iliuweka katika gari lake dogo la Justy. Tangu hapo mpango huo, ambao mafundi huuita kwa herufi tatu CVT, ulienea katika magari ya Japani. Nissan iliutia katika Altima, gari la familia lililouzwa sana Marekani, na Honda iliutia katika Civic na Accord.

Mishtuko ya bei ya mafuta ya 1973 na 1979 iliharakisha mambo. Giaboksi za otomatiki zilizokuwa na gia tatu zikawa na nne, tano, sita. Toyota Camry ya 2018 ilikuwa na nane, na Accord moja ya mwaka huo huo ilikuwa na kumi. Klachi ndogo ilitiwa ndani ya bakuli za mafuta ili zifungamane gari likiwa mwendoni, petroli isipotee. Mizani ya mafuta iliyobuniwa na Thompson na wenzake ilipokewa na kompyuta. Huko Japani, mwaka 1991, ilianzishwa leseni ya udereva kwa magari ya otomatiki peke yake. Tangazo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwani kwa mara ya kwanza serikali ya nchi ile ilikiri kwamba mtu aweza kuwa dereva kamili pasipo kujua klachi.

Sasa twafika kwenye haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Mwaka 1993 Toyota ilianza mradi ulioitwa G21, ukaongozwa na mhandisi Takeshi Uchiyamada. Desemba 1997 motokaa iliyotokana na mradi huo ilianza kuuzwa Japani kwa jina la Prius, neno la Kilatini lenye maana ya kutangulia. Fundi aliyeifungua giaboksi yake alikuta sanduku lisilo na klachi, lisilo na bakuli za mafuta, lisilo na mkanda, wala gia ya kurudi nyuma. Alikuta mota mbili za umeme, na kati yake gia za sayari.

Katika Prius za mwanzo, gia ya jua yenye meno 30 ilifungwa na mota ya kwanza, ambayo hasa ni jenereta. Pete ya nje yenye meno 78 ilifungwa na mota ya pili, ambayo huzungusha magurudumu. Na kibebeo cha sayari kilifungwa na injini ya petroli. Kwa hesabu ya meno hayo, nguvu ya kuzungusha ya injini hugawanyika daima: kama asilimia 28 huenda kwa jenereta, na asilimia 72 huenda kwenye magurudumu. Kompyuta ikiizuia jenereta kwa nguvu ya sumaku, injini hupata mahali pa kuegemea na kusukuma gari. Ikiiachia izunguke kwa kasi nyingine, kasi ya injini hubadilika ingawa ya magurudumu haikubadilika. Hivyo injini yaweza kuchaguliwa kasi iipendayo, na hata kuzimwa, huku gari likiendelea. Wakati wa kurudi nyuma mota ya pili huzunguka kinyume, na kazi imekwisha.

Msomaji aliyekumbuka Model T ataona sasa ukoo wao. Katika gari la 1908 injini ilibeba sayari. Katika gari la 1997 injini ilibeba sayari vile vile. Katika lile la kwanza dereva alishika ngoma kwa mkanda uliokazwa na mguu wake. Katika lile la pili kompyuta hushika jua kwa sumaku, tena hulishika kiasi, si kulisimamisha tu. Wazo la kugawa nguvu kwa njia hii lilikwisha andikwa katika hataza ya Marekani ya 1971 na wahandisi wa kampuni ya TRW, Baruch Berman, George Gelb na Neal Richardson. Mambo mengi yaitwayo mapya ni ya kale yaliyongojea msaidizi. Gia za sayari zilimngojea mtu wa kuzishika kwa busara, na mtu huyo hakuwa mtu.

Hapa yafaa turudi kwenye jambo tulilolitanguliza. Tulisema kwamba giaboksi ni dawa ya udhaifu wa injini ya petroli, na kwamba mota ya umeme haina udhaifu huo. Katika haibridi mota huondosha gari toka liliposimama, na injini huitwa baadaye, mahali inapofaa. Honda ilikwenda mbali zaidi katika Accord ya haibridi ya 2013: mara nyingi injini huzungusha jenereta tu, na mota ndiyo isukumayo magurudumu; klachi moja huiunganisha injini na magurudumu katika mwendo wa barabara kuu. Hyundai ilichagua njia ya kati: katika Sonata ya haibridi iliyoanza kuuzwa Marekani katika 2011, ilibakiza giaboksi ya otomatiki ya gia sita, ikaondoa bakuli za mafuta na kuweka mota ya umeme mahali pake. Ni njia tatu za ukalimani, na kila moja ina hesabu yake. Camry, iliyokuwa ikiuzwa Marekani kwa gia za mkono mpaka ile ya 2011, tangu ile ya 2025 huuzwa huko kwa haibridi tu.

Je, habari hizi za Detroit, Eindhoven na Toyota zatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Zatuhusu sana, kwa kuwa magari mengi madogo yateremshwayo Mombasa na Dar es Salaam ni mitumba ya Japani, na kwa hiyo kila uamuzi uliofanywa na mhandisi wa Japani hutufikia baada ya miaka kadhaa, ukiwa umeandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililopita umri wa miaka minane, na hata gari la umri huo hufika kwetu pasipo fundi aliyelihudumia tangu lilipokuwa jipya. Chukua mfano wa Toyota Corolla Axio ya kizazi kilichoanza 2012. Chini ya jina hilo moja pana gari la gia za mkono, pana gari la mkanda wa chuma, na pana gari la haibridi lenye gia za sayari. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ni mila tatu mbalimbali. Mafuta ya giaboksi moja si ya nyingine. Mkanda wa chuma hutegemea mafuta yenye mshiko maalumu, na ukitiliwa mafuta ya otomatiki ya kawaida huteleza na kuharibika.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopata neno la kusema. Tatizo hili kwa sehemu ni la majina. Gari lenye mkanda huitwa CVT, na la haibridi lenye sayari nalo huitwa hivyo hivyo kwa kuongezewa herufi moja mbele, ingawa halina mkanda hata kidogo. Herufi hizo zatueleza kwamba mwendo haurukiruki, yaani zatueleza anachohisi abiria. Hazitwelezi kilichomo ndani, ambacho ndicho anachohitaji fundi. Watu wa gereji wamekwisha onyesha uwezo wa kutaja vitu kwa Kiswahili: gia, klachi, flaiwili na giaboksi ni maneno yaliyoingia kwa mlango wa kazi, yakafuata sarufi yetu bila kuulizwa cheti. Nashauri basi tuseme giaboksi ya mkono, giaboksi ya mafuta, giaboksi ya mkanda, na giaboksi ya sayari na umeme. Majina haya si mazuri kwa sikio tu. Kila moja lamwambia fundi atazame nini kabla hajafungua kizibo.

Na kwa dereva jambo ni kubwa zaidi ya mafuta, maana laweza kuwa jambo la uhai. Dereva wa zamani aliyeteremka Kitonga, au mtelemko wa Mai Mahiu, alijua kwamba lazima atie gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, ili injini ilizuie gari na breki zipumzike. Maarifa hayo yalikuwa katika mkono wake, kwa sababu mkono ulikuwa na kazi. Dereva wa otomatiki anayeacha wenzo katika D toka mwanzo mpaka mwisho wa mteremko huzitwika breki mzigo wote, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Wenzo huo una alama nyingine zilizowekwa kwa ajili hiyo: L au 2 katika magari mengi, na B katika haibridi za Toyota. Alama hizo ni mabaki ya busara ya dereva ambayo mtambo haukuweza kuichukua yote, kwa kuwa mtambo huona kasi na pedeli lakini hauoni bonde lililoko mbele. Kadhalika wapo waendeshao kwa kuliacha gari huru mteremkoni wakidhani waokoa petroli. Katika injini za leo hesabu ni kinyume: gari likiwa katika gia na mguu umeondolewa, kompyuta hukata petroli, likiwa huru, petroli hutumika ili injini isizimike.

Wapo waliao juu ya kupotea kwa klachi kana kwamba utu wenyewe umepotea. Sioni sababu ya kilio hicho. Mama aendaye kazini katika msongamano wa asubuhi, mzee mwenye goti bovu na kijana mwanafunzi, wote wamepata faida. Lakini wapo pia wadhanio kwamba kwa kuwa mtambo wajua, wao hawana haja ya kujua. Hao wako katika hatari kubwa zaidi. Kila hatua tuliyoitaja, tangu pete ya Thompson mpaka sayari za Uchiyamada, ilimpunguzia dereva kazi na kumwongezea fundi elimu anayopaswa kuwa nayo. Mzigo haukutupwa, ulibadilishwa bega. Katika nchi iliyotengeneza mtambo, bega la pili lilikuwa tayari: shule, vitabu na vyombo vya kupimia. Katika nchi iliyonunua mtumba, bega hilo ni kijana wa gereji aliyejifunza giaboksi ya mkono kwa mjomba wake, na ambaye leo aletewa haibridi ya umeme wa volti zaidi ya 100, inayoweza kuua, na kuambiwa aitengeneze kabla ya magharibi.

Kijana huyo hastahili kulaumiwa, na dharau haimfundishi mtu. Anachohitaji ni kitabu katika lugha aliyojifunzia kuhesabu, chenye michoro ya jua, sayari na pete, na majina yasiyomdanganya. Kuandika kitabu hicho ni kazi ya mhandisi na mtu wa lugha wakiketi meza moja. Vyuo vyetu vina watu wa namna zote mbili, na aghalabu hawajuani ingawa wapo chini ya paa moja. Ikiwa giaboksi yaweza kuwapatanisha injini na barabara, ambao kwa tabia zao hawapatani kamwe, haielekei kuwa jambo gumu mno kuwapatanisha wasomi wawili kwa ajili ya fundi mmoja.